Kuku Aliyetajwa kwa Bariere

"Unilipe kuku yangu!" mama mmoja alimfokea mwalimu wa shule ya Jumapili mbele ya kanisa, hapa Bunia. "Njo ningeuza tupate unga yetu ya wiki!"

"Mama, mi sikukula kuku yako."

"Weye ulimufundisha mutoto asidanganye! Kwa bariere, pale wanafunga barabara, askari aliuliza mu kitunga kuko nini. Nikasema majani ya sombe tu. Ye mutoto akasema: 'Hapana, papa, na kuku iko chini!'"

Binti mwenyewe alisimama kati yao, ameshika kitambaa cha mama yake, wala hakuona aibu.

"Askari alisema nini?" mwalimu akamuuliza.

"Alisema niko mutoto muzuri. Akabeba kuku."

Tulicheka wote tuliosimama pale, hata mama kidogo. "Basi umwambie kwa bariere tunaweza kudanganya," akasema.

"Amri ya Mungu haina bariere, mama," mwalimu akajibu.

Mimi sikusoma teolojia, lakini nilikasirika. Vita imetufikisha mahali aliyefundisha kweli anagombezwa, na mwizi anapigiwa saluti. Mwalimu hana deni. Mtoto hana deni. Wewe wa bariere, uliyemsifu mtoto huku umeshika kuku miguu: rudisha kuku wa mama.