Waziri wa Mdomo na Macho ya Mtukufu

Baraza la mawaziri la ufalme wetu hukutana kwenye saluni yangu kila Jumapili baada ya kanisa, na mimi sina wizara yoyote. Nina viti. Nina pia mashine ya kukaushia nywele ambayo Waziri wa Vita anaipenda mno. Huingiza kichwa humo hata stima ikiwa imepotea, ati ndimo anamofikiri vizuri.

Ufalme wenyewe ni mdogo, uko kwenye vilima vya magharibi, na serikali ya nchi haiujui wala haiusumbui. Mfalme anakaa huko nyumbani. Mawaziri wake wako Eastlands kwa sababu kazi ziko huku jijini. Waziri wa Mvua anauza viatu vya mitumba karibu na Majengo, na mifereji ya maji ya mtaa ikikauka wiki mbili watu wetu humpigia simu kumtusi. Waziri wa Vita ni mlinzi wa jengo la maduka kule Eastleigh na anaogopa mbwa, hata wale wadogo wa kubebwa. Mkubwa wao wote, Waziri wa Mdomo, ni baba yangu.

Waziri wa Mdomo ndiye mdomo wa mfalme. Kwetu mfalme hazungumzi na mtu mbele ya watu. Humnong'oneza Mdomo kwa lugha yetu, naye Mdomo huyatoa maneno hadharani yakiwa yameshaoshwa. Maana mfalme hana "siwezi", hana "sijui", hana "naumwa". Akisema ana njaa, baba hutangaza kwamba Mtukufu yuko tayari kuwapa wapishi heshima. Kazi hiyo baba ameifanya tangu sijazaliwa, hata miaka ile alipokuwa dereva wa gari la mkate, akiomba ruhusa na kukimbia nyumbani kila palipokuwa na sherehe. Sasa amestaafu udereva. Kwenye ngazi za ploti yetu watoto humwita mzee wa ghorofa ya tatu, lakini Jumapili, akivaa lile koti lake la kahawia, ni waziri, na ole wako usahau.

Basi malkia akanipigia simu. Mama yule hana mambo mengi.

"Mwanangu, mzee jana amemwagilia jogoo maji akidhani ni mboga za sukuma. Nimesikia kuna kambi ya macho huko kwenu. Nampakia kwenye basi, kondakta atamshusha, wewe mpokee. Asipotibiwa sasa, basi tena."

Ilikuwa kweli. Madaktari walikuwa wamekuja kwenye ukumbi wa kanisa mtaani kwetu kwa siku mbili tu. Watakaoonekana wana mtoto wa jicho wangechukuliwa na basi siku ya pili, saa kumi jioni, wapelekwe kupasuliwa. Ukikosa basi hilo umekosa, na hakuna aliyejua kambi nyingine itakuja lini.

Mfalme akashuka kituoni karibu na Muthurwa siku ile ya kwanza, kuku wawili mkononi na kigoda chake cha ufalme kimefungwa kwa kamba. Mimi na baba tukamleta kwangu. Alipoingia tu, akasimama mbele ya friji yangu, akainamisha kichwa na kumnong'oneza baba aisalimie vizuri, habari za siku nyingi, watoto hawajambo?

Nikamtazama baba. Baba hata hakupepesa macho.

"Mtukufu anaisalimia nyumba yote," akasema.

Haki ya Mungu, nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha kicheko kikanikauka. Kumbe mzee wa watu haoni kabisa, na huyu baba yangu anajua.

Asubuhi ya pili nikampeleka mfalme saluni nimnyoe, asiende kwa madaktari kama mtu aliyetoka msituni. Hapo ndipo nilipoiona ile desturi ya visogo, ambayo nilikuwa nimeisikia tu. Mfalme akioga, akinyolewa au akichanwa ndevu, mawaziri wote hugeuka wakampa visogo, na chochote kinachotokea wakati huo hakijatokea. Hawakuona, hawakusikia, hawataulizana. Basi nikamnyoa huku wanaume watatu wazima wamekazia macho kalenda ya ukutani. Mfalme akapumua, akaniambia polepole kwa Kiswahili safi, maana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kukalia kigoda, "Binti yangu, unajua nimechoka?"

"Umechoka na nini, Mtukufu?"

"Na kuwa mzima."

Nikamfuta povu. Baba alikuwa bado anaisoma kalenda, na kama alisikia, kisogo chake hakikuonyesha.

Tukafika ukumbini saa tano. Foleni ilikuwa imezunguka kanisa. Tulipofika mlangoni wakasema mgonjwa aingie na mtu mmoja tu. Mimi nikajua huyo mtu ni mimi. Baba akanikabidhi kigoda.

"Shika hiki. Mtukufu haendi popote bila mdomo wake."

"Baba, ni macho yanapimwa, si mdomo!"

"Usinipandishie sauti, mama. Uko mbele za watu."

Nikabaki nje na kigoda kifuani, pamoja na Mvua na Vita, nimefura. Baada ya robo saa wakatoka. Baba alikuwa anang'aa. Kwenye kadi ya mfalme palikuwa pameandikwa kwamba macho yote mawili ni mazuri, arudi nyumbani.

"Mazuri vipi?" nikauliza.

"Yule sista muuguzi amesifu sana," baba akasema. "Amesema ni fiti."

Nikambana baba kwenye kona, na maneno yakamtoka kidogokidogo. Sista alikuwa ameuliza shida ni nini. Mfalme akanong'ona kwamba haoni hata mkono wake. Baba akatangaza kwamba Mtukufu anasema mwanga wa ukumbi huu haujajitambulisha kwake. Sista, kwa foleni ndefu ile, akaona wazee hawa watamlia siku nzima, akaonyesha ule ubao wenye herufi zinazotazama huku na huku. Mgonjwa anatakiwa aelekeze kidole upande ambao miguu ya herufi imeelekea. Sasa mfalme hanyooshi kidole. Kwetu mfalme akikunyooshea kidole umefukuzwa kijijini. Kwa hiyo baba akanyoosha kwa niaba yake. Juu, chini, kushoto, kulia, mpaka mstari wa mwisho kabisa, ule wa herufi ndogo kama chawa. Baba yangu aliendesha gari la mkate miaka yote ile bila kugonga hata kuku. Anaona mpaka Thika.

"Kwa hiyo amepimwa nani?" nikamuuliza.

"Amepimwa Mtukufu. Mimi ni mdomo wake."

"Wewe ni mdomo wake! Nani amekwambia ni macho yake pia?"

Hapo nilikasirika kweli, na sioni aibu kusema. Ilikuwa saa nane unusu, basi limeshaegeshwa nje, na wale waliochaguliwa wamebandikwa plasta kwenye paji la uso, juu ya jicho la kupasuliwa. Mfalme alikuwa amesimama pembeni akiuangalia ukuta kwa adabu, akiudhania ni mtu. Nikafikiria jogoo aliyemwagiliwa maji. Nikafikiria malkia atakavyonitazama nikimrudishia mumewe vilevile. Nikamshika mfalme mkono, nikapita foleni, watu wakapiga kelele, nikawaambia mnitukane baadaye. Mawaziri wakanifuata mbiombio.

"Sista, mmempima mtu mwingine. Huyu ndiye haoni."

Sista alikuwa msichana mdogo, amechoka, jasho kwenye pua. Akatazama kadi, akawatazama wazee wanne waliopangana mbele yake.

"Mimi nataka kusikia mgonjwa mwenyewe, si msemaji," akasema. "Mzee, unaona au huoni?"

Midomo ya mfalme ikacheza. Akamwinamia baba, akanong'ona, nami nikasikia kwa kuwa lugha yetu naijua kiasi cha kugombezwa. Alisema, "Mwambie sioni."

Baba akajikohoza. Nilimwona akihangaika, nisimsingizie. Alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena.

"Mtukufu anasema," akatangaza, "kwamba ameona yote aliyotaka kuona."

"Haya, mwingine!" sista akaita.

Mtu wa saluni hatembei bila kitana. Sijui ni Mungu au ni hasira, lakini mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mkoba. Nikakitoa kitana, nikakiinua juu.

"Nataka kumchana Mtukufu ndevu," nikasema kwa sauti kubwa.

Ndevu zenyewe nilikuwa nimezinyoa asubuhi, zimebaki chache tu kidevuni. Haikujalisha. Waziri wa Vita aligeuka kwanza, kwa mazoea, akafuata wa Mvua. Baba alinitazama. Alijua kabisa nafanya nini. Alinitazama muda mrefu, macho yake mazuri yale yakajaa maji, kisha na yeye akageuka polepole, akaupa ukuta uso na sisi kisogo.

Nikaweka kitana kwenye kidevu cha mfalme. Alikihisi, akatabasamu.

"Sasa ninaweza?" akauliza.

"Unaweza, Mtukufu. Hakuna mtu hapa."

Akaugeuza uso kuelekea sauti ya sista ilikotoka.

"Binti yangu, mimi sioni," akasema. "Jicho hili ni giza, hili jingine ni moshi. Nimeogopa sana. Yale macho uliyopima ni ya rafiki yangu."

Sista aliweka kalamu chini. Akachukua tochi, akamulika, akaita daktari, daktari akamulika, na mfalme akabandikwa plasta. Mimi niliendelea kuchana ndevu zisizokuwepo, nikilia hapo mbele za watu. Nilipomaliza nikapiga kitana mezani mara moja. Mawaziri wakageuka.

"Kumetokea nini?" baba akauliza.

"Hakuna. Amechanwa."

"Na hiyo plasta?"

"Hata mimi nashangaa."

Akatikisa kichwa kwa heshima, akaenda kumshikia mfalme mkono mpaka kwenye basi, akamfunga vifungo vya koti kimoja kimoja.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa wodini kabla ya chai, baraza zima, Waziri wa Vita na sare yake ya ulinzi kwa sababu alikuwa ametoroka kazini. Daktari akafungua bandeji. Mfalme akapepesa. Akatazama dirisha, akatazama mkono wake mwenyewe mbele na nyuma. Akanitazama mimi, akaniuliza kwa kunong'ona ile friji kama haijambo. Kumbe alijua kwamba aliyoisalimia ni friji! Kisha macho yakamfikia baba, yakakaa hapo. Wagonjwa wengine walikuwa wamejiinua kwenye mito wasikose kitu.

Mfalme akanong'ona. Na mimi nilisikia, nikajiandaa kwa maneno ya maua atakayoyatoa baba. Baba akanyoosha koti la kahawia, akavuta pumzi.

"Mtukufu anasema," akaanza kwa ile sauti yake ya sherehe, halafu ikamkatikia. Akajaribu tena, kwa sauti ya kawaida, ile ya ghorofa ya tatu. "Mtukufu anasema nimezeeka. Anauliza nywele zangu zimekwenda wapi, na kwa nini sikumwambia."