Jumamosi Nilizojifunza Mtaa Wangu

Binti yangu alifika kutoka Kolwezi bila kunipigia simu, miezi michache baada ya kumzika mama yake, akanikuta kitandani mchana. Mbabula, lile jiko letu la makala, yaani makaa, lilikuwa baridi uani. Mezani palikuwa na kipande cha mkate mkavu na kikombe cha maji. Alifungua kabati, akaona hakuna unga, akalifunga polepole.

Jioni ndipo aliposema: "Papa, utaenda na miye ku Kolwezi. Nyumba tutapangisha."

"Siendi."

"Basi nani atakupikia? Hauyue hata kuwasha makala. Unajua njia ya masomo na njia ya kanisa, njo basi."

Alisema kweli. Nilifundisha shule ya msingi hapa katika komini iitwayo Kenya, mtaa wa mji wetu na si ile nchi, karibu maisha yangu yote, na mke wangu alishika mengine yote. Nilijua majina ya mito ya Afrika, ila sikujua nani anauza unga mzuri katika barabara yangu mwenyewe. Hata hivyo, nilijua jambo moja. Kwa binti yangu ningekuwa mgeni anayeletewa sahani, anayeulizwa kila asubuhi kama amelala vizuri. Sikutaka kumalizia maisha yangu hivyo.

Tukapatana. Mvua zikiisha angerudi na gari la mumewe. Akinikuta kama alivyonikuta siku ile, ningepanda bila maneno. Akinikuta mzima, angeniacha.

"Lakini nitakuangalia muzuri," alisema. "Haitakuwa kunidanganya na shati safi."

Nilibaki nikifikiri kama mwalimu anavyofikiria mwanafunzi aliyechelewa. Mwanafunzi wa namna hiyo humpi kitabu kizima. Unampa somo moja, dogo, na siku yake. Nikajiwekea kanuni: kila Jumamosi jambo moja nisilolijua, mahali ninapoweza kufika kwa miguu, na nilifanye kwa mikono yangu. Kutazama hakuhesabiwi.

Jumamosi ya kwanza niliwasha mbabula. Nililijaza makala makubwa hadi juu, nikachomeka karatasi, nikapata moshi tu. Jirani yangu, mama anayetengeneza na kuuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, alichungulia juu ya ukuta.

"Ba mwalimu, uko naunguza nyumba?"

"Niko napika."

"Unapika moshi?"

Alikuja, akamwaga makala yote chini, akanionyesha: vipande vidogo chini, vikubwa juu, mlango wa mbabula uelekee upepo. Halafu, na hili ndilo gumu, uliache. Mwanaume asiyezoea huuchokoa moto kila mara na kuuzima. Siku ile nilipika bukari, ugali wetu. Ulikuwa na madonge, lakini niliumaliza wote.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mafundi wanaogonga mabati ya zamani. Waliniacha nikate bati na kulikunja, nikatoka na mbabula lililoinama upande mmoja. Wiki nyingine, uyoga ulipojaa kando ya barabara, nilimwomba muuzaji anifundishe kuuosha bila kuuvunja. Nilijaribu pia kwaya. Baada ya nyimbo mbili kiongozi aliniita pembeni, akaniambia kwa heshima kubwa kwamba Mungu anasikia hata wanaoimba moyoni. Sikurudi, ila Jumapili wanakwaya walianza kunisalimia, na mmoja akanionyesha mahali unga unaposagwa vizuri. Ndipo nilipoelewa faida ya kushindwa karibu na nyumbani: walioona umeshindwa utakutana nao tena kesho, na kesho watakuuliza habari.

Kisha nikamwomba jirani anifundishe munkoyo.

Alicheka hadi akakaa chini. Yeye ni wa kusini, upande wa mpaka wa Zambia, ambako munkoyo hunywewa tangu utotoni. Mimi ni wa kaskazini, na kati ya watu wake na wetu utani hauna mwisho.

"Banaume ba kwenu banajua kunywa tu," alisema. "Kutengeneza watajulia wapi?"

Nieleze kazi yenyewe, maana ni rahisi kuliko inavyoonekana. Unapika uji wa mahindi kwa muda mrefu, mpaka uive kabisa. Pembeni una mizizi ya munkoyo, umeitwanga hadi imekuwa nyuzi. Unaitia mizizi ndani ya uji, unakoroga, na uji ule mzito unalegea mbele ya macho yako, unakuwa mwepesi na mtamu bila sukari. Unachuja, unauacha ulale, kesho unanywa.

Jirani aliitwa getini na wateja, akasema: "Uji ikiiva, ungoje kwanza."

Sikungoja. Kwetu anayepika bukari haachi chungu kipoe. Unga huingia maji yakichemka, na mkono haupumziki. Niliona uji unatokota, nikatia mizizi, nikakoroga kwa nguvu zangu zote kama anayesonga bukari ya harusi. Nilikoroga mpaka bega likauma. Uji ukabaki uji.

Jirani aliporudi alichovya mwiko, akautazama, kisha akaita kwa sauti iliyofika mwisho wa barabara: "Mukuye muone! Ba mwalimu ameua munkoyo!"

Mizizi, alinieleza, hufa kwenye moto. Lazima uji upoe mpaka kidole kikae ndani bila kuungua, lakini usiwe baridi. Kwa wiki nzima nilipopita watu waliniita Muuaji. Muuza makala aliniuliza mazishi ni lini.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa jirani. Mtu ataniuliza: kanuni si ilisema jambo jipya? Nilijiuliza pia, nikaamua kwamba jambo usiloliweza bado ni jipya. Safari hii nilingoja mno, uji ukapoa, ukalegea nusu tu. Nikarudi tena.

Ilikuwa asubuhi isiyo na mvua, barabara imeanza kutoa vumbi. Nilikuwa uani kwa jirani, mikono ya shati imekunjwa, kidole ndani ya uji. Kilikaa. Nikatia mizizi, nikakoroga taratibu, na uji ukaanza kulegea. Wakati huohuo gari lilisimama mbele ya nyumba yangu.

Binti yangu aligonga geti langu, akaita, akagonga tena kwa nguvu. Nilisikia sauti yake ikibadilika. "Papa? Papa!"

"Niko huku!"

Aliingia kwa jirani akikimbia, akasimama. Alinitazama viatu, mikono, uso.

"Papa, nilizani..."

"Ngoja. Nikiacha sasa, itaharibika."

Alimgeukia jirani, akamwuliza kana kwamba mimi sipo: "Mama, anakulaka?"

"Kula? Ananimalizia uyoga. Na maulizo! Asubuhi maulizo, mangaribi maulizo. Umubebe tu, tupumuzike."

"Nimubebe kweli?"

Jirani aliacha kucheka. "Non, mama. Umuache. Tumeisha kumuzoea."

Binti yangu aliniomba ufunguo, akaenda nyumbani kwangu peke yake. Alikaa huko muda mrefu. Nilisikia kabati likifunguliwa, vifuniko vya masufuria vikiinuliwa. Sikumfuata. Mtihani ulikuwa wake kusahihisha, nami nilikuwa na nyuzi za kukamua.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na alishika kipande cha bukari ya jana.

"Iko na madonge," alisema akitafuna.

"Yalipunguka."

"Ile mbabula yenye kuinama, nani alikuuzishia?"

"Niliitengeneza."

Alitazama gari, akanitazama mimi. "Bon. Utabakia. Lakini simu utashika, kila siku."

"Kila siku. Jumamosi asubuhi hapana, mikono haitakuwa tupu."

Alivua viatu, akavuta kigoda karibu na chungu, akashika upande wa pili wa kitambaa cha kuchujia. Tukakamua pamoja, na jirani akatuambia sote wawili tunakosea.