Wanawake wa kaburini na Aika wangu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya jumuiya yetu nzima ya kanisa, tena sebuleni kwangu.

Nilikuwa nawaeleza kwa nini naamini ufufuko. Wanawake ndio waliolikuta kwanza kaburi la Yesu likiwa tupu, na enzi zile neno la mwanamke halikuhesabika. Mtu wa kutunga uongo angepeleka wanaume kaburini, siyo kina mama!

Wakanipigia makofi.

Mara binti yangu Aika akaingia mbio. "Mama, ng'ombe anazaa!"

"Acha kelele. Mwite baba yako aangalie kwanza."

Jirani yetu Bibi Manka akacheka. "Mama Aika, na wale wa kaburini ungewaitia baba?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Tulipofika zizini, ndama yuko chini tayari. Nikamwomba Aika msamaha mbele ya wote.

Anamfuta ndama kwa majani makavu ya migomba, kanipa mgongo.

Wazazi wenzangu, nimwambie nini tena?