Mistari ya Kifuani

Ninapoyakumbuka haya najionea kinyaa.

Mke wangu alikuwa akipigwa mionzi ya saratani ya titi katika hospitali kubwa ng'ambo ya ziwa. Wataalamu walimchora mistari ya wino wa zambarau kifuani na ubavuni, hadi karibu na shingo. Walituonya isifutwe, kwa kuwa mashine hulengwa kwa mistari hiyo. Alipigwa Jumatatu hadi Ijumaa. Ijumaa ya wiki ya tatu tukapanda basi kurudi Bisibo, maana kesho yake wakwe kutoka Ngara walikuwa wanaleta mahari ya mjukuu wetu.

Jumamosi hiyo mistari miwili ilichungulia juu ya kola ya gauni lake. Mama mmoja wa upande wa wakwe akamwambia mwenzake kwa Kihangaza, akidhani sisikii, "Kumbe hata kwa mwenyekiti wa kigango watu huchanjwa." Wakaziba midomo kwa khanga, wakacheka.

Mwenyekiti huyo ni mimi. Ndimi niliyekuwa nikisimama kanisani na kuwataja kwa majina watu waliochanjwa chale na waganga. Wageni walipoondoka, nikamwita mke wangu bafuni uani, nikampa sabuni ya mche na dodoki.

"Baba, si walikataza?"

"Kesho ni misa. Sugua."

"Na Jumatatu?"

"Nitakuchorea mimi. Jiometri nilisoma."

"Ulisoma, ukafeli," akasema, akaanza kusugua. Ngozi ilikuwa imekwisha kuiva kwa mionzi. Kila dodoki lilipopita aliuma meno. Nilimwona.

Jumapili baada ya misa nilinunua maka peni stendi ya Biharamulo. Tulipofika tulikopanga chumba karibu na hospitali, nikamchora kwa rula. Nilijipongeza, maana mistari yangu ilinyooka kuliko yao.

Akapigwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi binti wa mashine akaikazia macho mistari ile.

"Mama, hii kachora nani?"

Kabla sijafungua mdomo, mke wangu akajibu, "Mimi, mwanangu. Ilifutika nikioga."

"Lini?"

"Jana," nikasema mimi.

Daktari alituita, akatukalisha. Hakufoka.

"Shikamoo mzee. Mistari imehamia kwapani kwa upana wa vidole viwili. Kuna nchi ambako mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi, uvimbe unaila, unang'aa kwenye kioo, na mashine inaufuata palepale inapopiga, hata mgonjwa akipumua. Sisi hapa tunafuata wino. Kwa hiyo nakuuliza tena, ni jana tu?"

"Jana tu, daktari."

Tulipotoka, mke wangu alisimama kwenye korido, akanitazama kama mtu anayetazama funza kwenye nyama.

"Wakwe wako wamekwisha rudi kwao Ngara. Hapa unamwogopa nani?"

Akaitwa kwenda kuchorwa upya. Nilibaki kwenye benchi hadi mlango ulipofungwa nyuma yake, ndipo nikarudi kwa daktari. Nikamwambia zilikuwa siku tatu, na kwamba aliyefutisha na kuchora ni mimi. Alikata alichokuwa ameandika, akaandika upya.

"Ungenyamaza," akasema, "mapigo mawili yangehesabiwa kuwa yamefika kwenye ugonjwa, na hayakufika."

Mke wangu aliongezewa siku zile zote tatu. Lakini pale kwapani, ngozi iliyochunwa na dodoki ikapata mionzi isiyokuwa yake, ikachubuka ikawa kidonda. Sasa tuko nyumbani, na kila asubuhi namwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Kinatoa usaha, kinanuka. Juzi harufu ilinishinda, nikageuza uso na kutema mate. Mimi, kutema mate karibu naye.

"Geuka huku, Baba," akasema, mkono wake ukiwa bado juu. "Kitazame. Hiyo kazi yako."

Nikageuka, nikachovya kitambaa, nikaendelea kuosha.