Medali Zilizokatwa Nusu

Harufu ya ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, ikichanganyika na mafuta ya mashine hunisimamisha njiani hadi leo. Wengine wakiisikia sokoni Kalemie hukumbuka bugali. Mimi hukumbuka godoro. Mwalimu wetu wa jimnastiki, Metre Kitenge, alikuwa ameshona pamoja magunia manane yaliyokuwa ya ndagala, akayajaza mabaki ya pamba aliyoyaomba kiwanda cha nguo, pamba chafu yenye grisi ambayo hata panya hawakuitaka. Hilo ndilo lililokuwa godoro letu. Boriti yetu ilikuwa ubao mrefu aliouweka juu ya mataruma ya reli yaliyopangwa mpaka kufika kifuani mwangu. Tulifanya mazoezi katika darasa lisilo na madirisha, upepo wa ziwa ukiingia utakavyo, nasi tukipiga chafya kwa vumbi la pamba. Ilikuwa miaka ya Zaire, nami nilikuwa na miaka kumi. Nakwambia, sijapata tena kupenda kitu namna ile.

Mimi ni Kabange, na jina hilo peke yake linatosha kuwaambia watu wa kwetu kwamba kuna Kyungu aliyenitangulia kutoka tumboni. Sisi ni mapasa, wasichana wawili wa mimba moja. Kwetu mapasa hawatenganishwi: ukimpa mmoja kitambaa, mwenzake naye apate, la sivyo aliyenyimwa atakasirika arudi alikotoka. Mama aliishika mila hiyo kwa mikono miwili, tena akaiongezea sheria yake mwenyewe. Nyumbani hakuna pacha aliyejisemea. Kama Kyungu alikuwa na njaa, mimi ndiye niliyekwenda kusema. Kama nilikuwa na homa, Kyungu ndiye aliyepeleka habari. Mama alisema kwamba kwa njia hiyo hatutajifunza wivu. Metre alipokuja siku moja kuniombea ruhusa ya kufundishwa kwa ajili ya mashindano ya shule kule Kongolo, Mama hakumwacha amalize.

"Metre, hawa njo mapasa. Uchukue wote wawili ao uache wote."

Metre alikuna kichwa, akatuchukua wote wawili. Kyungu hakuwa na haja na ubao wala godoro. Yeye alipenda kuimba, na sauti yake kanisani iliwafanya kina mama wageuke kumtazama. Lakini alikuja, kwa sababu bila yeye nisingekuja. Wiki za kwanza tulicheka sana. Nilimfundisha kuviringika na kusimama kwa mikono, na Metre alimtania kwamba miguu yake imeota mizizi. Shida ilikuwa boriti. Kila alipopaswa kupinduka nyuma juu yake, aliniita, nami nilisimama chini nikamshika mkono. Metre alijifanya haoni.

Kiangazi kilikuwa kinaisha tulipokuwa tukisugua masufuria kwa mchanga ufukweni, Kyungu akaniambia bila kuniangalia:

"Kabange, mimi naogopa ule ubao. Umuambie Mama."

Nilielewa vizuri alichoniomba, sitajificha nyuma ya utoto. Nilijua kwamba nikisema, Mama atatutoa sote siku ileile, na Kongolo nitaisikia tu kwa wenzangu. Nikamjibu, "Ngoja turudi kutoka Kongolo kwanza." Akaendelea kusugua sufuria yake. Hakuniomba tena.

Siku nane kabla ya safari, Metre alituambia kwamba Kongolo hakuna atakayemshika mwenzake, kwa hiyo tuanze kuzoea. Nilikaa pembeni nikifunga kamba ya kaputula yangu. Kyungu alipanda, akasimama kwenye ubao, akanitafuta kwa macho. Nikamwashiria apinduke. Mkono wake mmoja ulikosa ubao, akaanguka upande usio na godoro. Sauti ya kile kiwiko siielezi. Mfupa uliunga baada ya miezi, lakini mkono ulibaki umejikunja, kiganja hakifiki kichwani.

Mama alilia, akasema sitakwenda popote. Kyungu, akiwa amelala na mkono umefungwa vibao, ndiye aliyeninusuru. Alivunja sheria ya nyumba akasema kwa kinywa chake mwenyewe, "Mama, umuache aende. Akibaki, mkono wangu umevunjika bure." Basi nikapanda treni, tukapita Niemba na Nyunzu na Kabalo, nikaruka mbele ya watu wa Kongolo, nikashinda. Nilifurahi sana. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilifurahi.

Niliporudi, Mama hakukubali medali ile ya shaba iingie ndani, maana ilikuwa moja na sisi tu wawili. Papa, aliyekuwa fundi katika karakana ya reli, aliichukua akaikata kwa msumeno, akasugua kingo kwa tupa zisituumize, akatupa kila mmoja nusu yake. Ikawa desturi. Medali ya vijana niliyoipata Lubumbashi ilikatwa. Zile mbili za chuo cha elimu ya mwili Kinshasa, nilikofika nikiwa msichana mkubwa, nilikorukia magodoro ya sponji yasiyonuka chochote, nilizileta likizoni zikakatwa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, akala Kyungu peke yake.

Sasa nafundisha jimnastiki hapahapa Kalemie. Godoro letu ni la kununuliwa, na boriti ina miguu ya chuma. Msichana akiniambia anaogopa, namshusha kabla hajamaliza sentensi, na wenzangu hunicheka kwamba ndiyo maana shule yetu haishindi. Wacha wacheke. Mama alikufa akijilaumu, akisema mpaka siku za mwisho kwamba mila yake ndiyo iliyomvunja mtoto. Nilikaa kando ya kitanda chake nikimlisha uji, na sikumwambia.

Kila Jumapili huenda kwa Kyungu kumfunga kitambaa cha kichwa, kwa sababu mkono wake haufiki, kisha nafunga changu. Jumapili iliyofuata mazishi nilimwambia, nikiwa nyuma yake, kwamba nilipaswa kumweleza Mama kile yeye Kyungu alichoniomba ufukweni. Nilidhani amesahau.

"Nilikungoja," akasema. "Hata siku ile ya mwisho ya Mama, nilikaa mlangoni kwake nikingoja useme."

Halafu akainamisha kichwa ili nifikie fundo.