Jioni Nilipolisoma Neno "Cotton"

Mwalimu alishasema siku ile ndiyo ya mwisho ya kupeleka majina ya mtihani, na asiyesimama kusoma Kiingereza mbele ya wenzake jina lake halipelekwi. Mimi nilishakwepa mara tatu. Nina miaka arobaini na kitu, kanisani nasoma somo la kwanza bila kutetemeka, lakini Kiingereza kilikuwa kinanikausha mate.

Sisi watu wazima tulikuwa tunasomea shule ya msingi hapa Somanda, Bariadi, jioni watoto wakishaondoka, magoti yamebana kwenye madawati yao. Mwalimu akaandika ubaoni cotton, yaani pamba, akaniita mimi.

"Ko-to-ni," nikasema.

Fundi cherehani niliyekaa naye dawati moja akacheka. "Dada, umelishonea mkia!"

"La kwako jana lilikuwa na mikia miwili," nikamjibu. Darasa zima likacheka, na mimi nikakaa. Nikajua basi, mwaka umekwenda.

Mwalimu hakucheka. Akapiga mstari katikati ya neno: cot, halafu ton. "Mayu," akaniita, kama anavyomwita mama yake, "silabi ya kwanza ipige kwa nguvu. Ya pili imeze, uishie kwenye n, usifungue mdomo." Akatamka: kot-n. Halafu akasema, kama jambo dogo tu, kwamba neno lenyewe si la Waingereza. Walilipata kwa Wafaransa, na asili yake ni kwa Waarabu.

"Kwani wao hawakuwa nalo?"

"Pamba haioti kwao, mama. Walikuwa wanavaa sufu ya kondoo. Kitu kilikuja na jina lake."

Nikaliangalia tena lile neno ubaoni. Pamba naijua tangu nabebwa mgongoni. Nimepalilia, nimechuma mpaka vidole vikachanika. Na hawa ambao lugha yao naiogopa kama mahakama, jina lake walilichukua kwa wenzao! Nao kuna siku walilitamka vibaya. Mwili ukanisisimka kama siku ya kipaimara. Mungu amewapa watu midomo ya kila namna, halafu neno moja akalipitisha kote, jangwani na baharini, mpaka ubao wetu wa Bariadi. Mimi hata Mwanza nimefika mara mbili tu.

Nikasimama bila kuitwa. "Mwalimu, nasoma."

Nikasoma aya nzima ya kitabu. Nilijikwaa mahali pawili, nikarudia, nikaendelea. Fundi ananifuata kwa kidole kitabuni. Nilipomaliza, mwalimu akavuta karatasi ya majina, akaniuliza jina la baba yangu linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja, nimesimama.