Gogo la Nje ya Kigombe

Mume wangu ukimwuliza samaki kawapata wapi, jibu lake ni moja tu: baharini. Nimemzalia, nampikia, nguo zake zenye shombo nafua mie, lakini mahali alipotupa mshipi haniambii. Mwanzoni nilikuwa nanuna. Baadaye nikajua ndivyo walivyo wavuvi wote, hasa wakiwa wameona gogo.

Gogo kwao ni kitu chochote kinachoelea: mnazi uliong'olewa na mto, pipa, kipande cha wavu kilichokatika. Kikishakaa majini, visamaki vinakuja kujibanza chini yake, halafu wanakuja faulusi kuviwinda, halafu jodari wanazunguka kwa chini. Kwa nini, hakuna aliyenipa jibu la kuniridhisha. Wapo wanaosema ni kivuli. Wapo wanaosema samaki naye anachoshwa na maji matupu, anataka pa kuegemea. Ninachojua ni kwamba aliyeliona gogo hasemi. Na kama kuna boti nyingine karibu, analigeuzia mgongo, anajifanya anakwenda zake, ili wasilione nao.

Siku hiyo alirudi nyumbani Usagara jioni na jodari mnene, anapiga mluzi. Nikajua tu, huyu kaona gogo. Sijamaliza kumkata yule samaki, mama akapiga simu kutoka Pangani. Sauti yake ilinitisha kabla ya maneno. Mdogo wangu wa kiume alitoka jana yake jioni na mtumbwi, peke yake, maana ni mbishi hataki kuambiwa, na hakurudi. Mchana kutwa walidhani kalala kwa rafiki yake upande wa Mwera. Sasa wanaume walikuwa wameizunguka miamba yote ya kusini anakopenda kuvua, na hawakuona hata kafi.

Nikashindwa kukaa. Naingia jikoni, natoka uani, nashika kisu, naweka kisu. Yule nimemlea mie, nimembeba mgongoni mama akiwa shamba. Mume wangu naye alikuwa kwenye simu anawauliza wenzake, na nilimwona anahangaika kweli, simsingizii. Lakini mie nikiwa na wasiwasi lazima nigombane na mtu, na aliyekuwepo ni yeye. Nikamvaa: huyu jodari umempata wapi? Akasema baharini. Wallahi nilitamani kumpiga na sinia. Nikamwambia ndugu yangu yuko huko huko baharini kwako, kwa hiyo leo utasema.

Akasema, shingo upande, kwamba mchana, jua linawapiga machoni, waliona gogo nje ya Kigombe, samaki wanaruka kulizunguka. Walivua kwa mbali tu, kwa sababu kulikuwa na boti ya watu wengine inawaangalia. Ndipo wakageuza, wapange kulirudia alfajiri wakiwa peke yao.

"Kubwa kiasi gani?" nikamwuliza.

"Kiasi cha mtumbwi," akasema.

Alilitamka mwenyewe kwa mdomo wake. Kisha akakaa chini, pale pale penye magamba ya samaki. Mkondo wa kwetu unakwenda kaskazini, kutoka Pangani kuja Kigombe, hilo hata mie nisiyejua kuogelea nalijua, na wale wanaume walikuwa wamemtafuta kusini tu.

Usiku gizani wasingeona kitu, kwa hiyo mume wangu na wenzake waliondoka na boti kabla ya adhana ya alfajiri. Mie nikachukua bodaboda mpaka Kigombe, nikawasubiri pwani. Wanawake wanaokaanga samaki wakanitolea kigoda, sikukikalia. Nilikwenda mpaka mwisho wa ufukwe nikarudi, nikaenda tena. Nikamlaani mume wangu, nikaomba toba, nikamlaani tena. Nilimwomba Mungu anirudishie ndugu yangu hata kama ni maiti, halafu nikaogopa asije akanisikia akanipa hiyo maiti.

Boti ilirudi jua limeshakuwa kali. Mume wangu alishuka majini, maji ya kiunoni, kambeba mdogo wangu mgongoni, nikaona kichwa cha yule mtoto kinainuka. Nilijikuta nimeingia baharini na baibui langu.

Tukamlaza kivulini. Midomo imepasuka, macho yamevimba. Akaanza kusema hata maji hajamaliza, ubishi wake ule ule. Mtumbwi ulipinduka usiku wa kwanza, akaupanda mgongoni. Kulipokucha akakuta samaki wamejaa chini yake, wadogo wanamdonoa miguu, wakubwa wanapita wanagonga mtumbwi. Aliwatukana wote mmoja mmoja. Lakini usiku wa pili mikono ilikufa ganzi, akawaza kujiachia. Alipofika hapo kusimulia, akaushika mkono wa mume wangu.

"Nilikuona, shemeji. Mchana nilivua shati nikakupungia, na pale pale ukageuza boti. Nikajua umeniona, umekimbilia kuita watu. Ndiyo maana sikuachia."

Mume wangu akanitazama. Alikuwa ananiomba kitu, na sikujua ananiomba niseme au ninyamaze. Nikachukua kikombe, nikaendelea kumnywesha mdogo wangu maji.

Sasa anaisimulia kila penye watu, harusini, msibani, jinsi shemeji yake alivyo na macho makali. Watu wanampa mume wangu mkono. Anaitikia, halafu anatafuta sababu ya kutoka nje. Tukiwa wawili hatuligusi jambo hilo, na gogo tangu siku ile haliendei tena. Mie jambo lile linanichoma. Kila mara najiambia leo nalitoa, na kila mara namwona mdogo wangu anavyomtazama, nalimeza.

Wiki iliyopita tuliitwa Pangani kwenye akika. Mdogo wangu ameshaoa, na mkewe kajifungua mtoto wa kiume. Mdogo wangu akampakatisha mume wangu yule mtoto, akageukia watu, akatangaza jina. Kampa la mume wangu.